Ninaishi Ely, Cardiff, na kazini wananipa pole: mtaa huu una nini?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Tanga, nimekuja Wales kwa kazi ya kuhudumia wazee. Nimepanga nyumba ya vyumba vitatu Ely, magharibi ya Cardiff. Kazini nikitaja ninapoishi, wenzangu wananipa pole kama mfiwa. Mmoja akanirushia video za magari yakiungua mwaka 2023. Lakini mtaa wenyewe una barabara pana, kila nyumba ina bustani mbele na nyuma, na jirani yangu, bibi mtu mzima, aliniletea keki wiki niliyohamia. Yeye anasema nyumba yangu "ni ya kaunsili", ilhali kodi namlipa mtu binafsi. Hebu nieleze: ninaishi mahali gani hasa? Nani alijenga, na jina liliharibikaje?

Jibu: Dada yangu, tuanze na nyumba, maana humo ndimo ilimojificha nusu ya majibu.

Bibi jirani hajakosea, na wewe hujakosea. Nyumba yako ilijengwa na halmashauri ya jiji, ndiyo hiyo kaunsili, kwa fedha za umma, ikapangishwa kwa miongo kadhaa, kisha mpangaji mmoja akauziwa kwa punguzo. Yeye au warithi wake wakaiuza tena, ikaangukia kwa huyo unayemlipa leo. Ukitembea barabara yenu utaona dalili: nyumba mbili zilizoungana ukuta, moja ina mlango na madirisha kama ya jirani wa tatu na wa nne, nyingine imebadilishwa mlango, imeongezwa kibaraza, ua wa mbele umemwagwa zege ili gari lipate pa kulala. Hiyo ya pili mara nyingi ndiyo iliyouzwa. Na kwa kuwa viza za kazi kama yako kwa kawaida hazimruhusu mtu kuomba nyumba ya halmashauri, wahamiaji wengi tunaishia kupanga kwa watu binafsi ndani ya nyumba hizi hizi zilizokuwa za umma. Kwa hiyo wewe tayari ni sehemu ya historia ya Ely, hata kama hukuiomba.

Turudi nyuma miaka mia moja na ushei. Cardiff ilikuwa bandari ya makaa ya mawe. Mabonde ya kusini mwa Wales yalichimba, Cardiff ikapakia melini, na mwaka 1913 biashara hiyo ilifika kileleni. Mji ulikua haraka kuliko nyumba zake. Karibu na gati familia zilibanana, chumba kimoja watu wangapi, choo kimoja nyumba ngapi. Vita vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, serikali ya waziri mkuu Lloyd George, aliyelelewa Wales na ambaye Kiwelisi kilikuwa lugha yake ya nyumbani, iliahidi askari wanaorudi nyumba zinazowastahili mashujaa. Haukuwa wema mtupu. Urusi ilikuwa imepindua utawala mwaka mmoja kabla, na wakubwa wa London walijua kuwa mwanamume aliyefundishwa kutumia bunduki kisha akarudishwa kwenye chumba chenye unyevunyevu ni mtu wa kuangaliwa kwa makini.

Sheria ya nyumba ya mwaka 1919, iliyosimamiwa na waziri Christopher Addison, iliweka ruzuku ya serikali kuu kwa kila halmashauri itakayojenga. Mwaka mmoja kabla yake kamati ya Tudor Walters ilikuwa imependekeza vipimo: mjini nyumba zisizidi 12 kwa ekari, kila moja ipate jua, iwe na bustani na nafasi ya kupumua. Sasa toka nje ya mlango wako utazame. Upana ule wa Grand Avenue na nyasi zake, zile nyumba pacha zilizorudishwa nyuma kutoka barabarani, michongoma iliyokatwa ikanyooka, njia zinazopinda badala ya kupigwa mstari, vyote ni ile ripoti ya 1918 iliyogeuzwa matofali. Ni fikra za mji wa bustani, na zilisafiri mbali. Mtaa wa Kaloleni kule Nairobi, uliojengwa miaka ya 1940, una nyumba ndogondogo zilizozungukwa na viwanja vya nyasi kwa sababu hiyo hiyo. Anayeijua Kaloleni akifika Ely atahisi kama aliwahi kuota mahali hapa.

Ely yenyewe ilikuwa kijiji: mto, mashamba, kiwanda cha karatasi cha tangu miaka ya 1860, kiwanda cha bia, na uwanja wa mbio za farasi. Mwaka 1922 jiji la Cardiff lilipanua mipaka yake, likaimeza pamoja na Llandaff, na ujenzi ukashika kasi. Ule uwanja wa farasi ndio Trelai Park mnapopeleka watoto kucheza mpira. Mbio kubwa kuliko zote za Wales, Welsh Grand National, zilikimbiwa hapo kuanzia 1895 hadi 1939.

Hapa kuna jambo ambalo wenzako wa kazini hawalijui. Nyumba za Ely hazikujengwa kwa ajili ya watu hohehahe. Kodi yake ilikuwa kubwa kushinda ya vyumba vya uswahilini kule gatini, na halmashauri za zama hizo zilimtaka mtu mwenye mshahara wa kueleweka: fundi, mfanyakazi wa reli, wa kiwandani, wa bandarini mwenye kazi ya kudumu. Karani wa nyumba alipita kukagua. Kupata ufunguo wa nyumba ya Ely kulikuwa kupanda daraja, na kwa familia nyingi bafu la ndani na bomba lao wenyewe vilikuwa vitu vya kuwaonyesha wageni. Wazee wa mtaa, pengine na huyo bibi wa keki, bado wanalisema hili kwa fahari, na wanaudhika kweli wakisikia Ely inaitwa jalala.

Baada ya Vita vya Pili ujenzi ukaendelea kuelekea magharibi na kusini, mpaka mtaa jirani wa Caerau na Ely zikashikana kiasi kwamba mgeni hajui moja inaishia wapi. Haraka ilikuwa kubwa zaidi na nakshi zikapungua, lakini mpango wa bustani ulibaki. Kosa lililowaumiza watu zaidi halikuwa la nyumba. Ilikuwa ni kwamba halmashauri ilihamisha watu wengi kiasi kile, ikawajengea makazi, halafu vitu vingine vyote vikachelewa au visije: kazi karibu, maduka ya kutosha, usafiri. Kituo cha treni cha Ely kwenye reli kuu kilifungwa mwaka 1962 na hadi leo mnategemea basi. Ukikosa basi la alfajiri la kwenda zamu, fahamu kuwa uamuzi huo ni wa zamani.

Jina liliharibikaje basi? Watu wengi watakuambia ni tabia za wakazi. Mimi nimefanya kazi za nyumba na wapangaji kusini mwa Wales kwa muda mrefu na sikubaliani. Mambo matatu yaliamuliwa nje ya Ely, na yote yakatua Ely karibu kwa wakati mmoja.

La kwanza ni kazi. Kiwanda cha chuma cha East Moors, ng'ambo ya pili ya jiji, kilifungwa 1978, na ajira zaidi ya 3,000 zikaenda nacho. Makaa ya mawe yalikuwa yameshakufa bandarini. Kiwanda cha karatasi cha Ely chenyewe kilijikongoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtaa uliojengwa kwa sharti kwamba mpangaji awe na mshahara ukabaki na nyumba, mishahara ikaondoka.

La pili ni nani anapewa nyumba. Sheria ya mwaka 1977 iliziwajibisha halmashauri kuwapa makazi familia zisizo na pa kulala. Ni sheria ya haki kabisa na sitaisema vibaya. Lakini ina maana kwamba foleni ikaanza kutanguliza wenye shida kubwa zaidi badala ya wenye kipato cha uhakika. Hilo lingeweza kubebeka kama nyumba zingekuwa tele.

Hazikuwa tele, kwa sababu ya la tatu, yaani mauzo. Sheria ya 1980 ya serikali ya Margaret Thatcher ilimpa mpangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba anayoishi. Aliyekaa miaka mitatu alipata punguzo la asilimia 33, na waliokaa miaka mingi walifika asilimia 50. Wapo wenzangu wanaoizungumzia sheria hii kama wizi mtupu. Siwezi kufika huko. Mwanamke aliyelipa kodi miaka 30 akapata nyumba ya kuwaachia wanawe, kwa nini nimlaumu? Tatizo ni kwamba halmashauri zilibanwa zisitumie fedha za mauzo kujenga nyingine. Kati ya 1981 na 2016 Wales iliuza nyumba zaidi ya 139,000 za umma, sawa na asilimia 45 ya zile zilizokuwapo mwanzoni. Zilizoondoka kwanza zilikuwa nzuri, zenye bustani kubwa, na walionunua walikuwa wenye kazi. Waliobaki wapangaji wakawa wale wasioweza kununua. Wales imeshafuta haki hiyo ya kununua tangu Januari 2019, na Cardiff, ambayo haikuhamishia nyumba zake kwa vyama vya nyumba kama nusu ya halmashauri za Wales zilivyofanya, imerudi kujenga. Hata hivyo nyumba yako haitarudi kwenye hazina ya umma.

Sasa nije kwenye moto, maana najua ndiyo unaokunyima usingizi.

Umeonyeshwa video za 2023, lakini kulikuwa na 1991 kabla yake. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba mwaka huo, wenye maduka wawili majirani kwenye barabara ya Wilson Road waligombania nani mwenye haki ya kuuza mkate. Mmoja wao alikuwa mwenye asili ya Asia Kusini. Ugomvi ulifika mahakamani, kisha ukafika barabarani, na kwa siku kadhaa mamia ya watu wakakabiliana na polisi wenye ngao. Magazeti yakaziita ghasia za mkate. Wako waliosema ulikuwa ubaguzi wa rangi uliotafuta kisingizio, na wako waliosema ni vijana wasio na kazi waliokuwa wanasubiri cheche. Kwa maoni yangu yote mawili yalikuwepo, na anayekuambia ni moja tu anakuficha nusu ya habari. Siku zile zile mitaa mingine ya kaunsili huko Uingereza, Oxford na pwani ya Tyneside, nayo iliwaka, bila mkate wowote kuhusika.

Mei 22, 2023 ni habari tofauti na ya kuumiza zaidi. Wavulana wawili, wa miaka 16 na 15, walikufa kwa ajali ya baiskeli ya umeme katika Snowden Road. Uvumi ukaenea kwamba polisi walikuwa wanawafukuza. Polisi mwanzoni wakakana, kisha picha za kamera zikaonyesha gari la polisi likiifuata baiskeli hiyo muda mfupi kabla. Usiku ule magari yalichomwa na askari wengi wakaumia, na baadaye watu kadhaa walihukumiwa vifungo. Video uliyotumiwa inaonyesha saa chache za usiku mmoja. Haionyeshi asubuhi yake, wakazi walipotoka na mifagio, wala maua na maputo yaliyowekwa kwa ajili ya wale watoto. Wazazi wengi wa Ely walisema mambo mawili kwa pumzi moja: kuchoma gari la jirani ni upumbavu, na polisi wana maswali ya kujibu. Usishangae ukimkuta jirani yako na msimamo huo.

Kuhusu rangi, maana hukuuliza waziwazi lakini nimeisikia kwenye swali lako. Watu weusi si wageni Cardiff. Mabaharia Wasomali, Wayemeni na wa Afrika Magharibi waliishi Butetown, karibu na gati, tangu karne ya 19, na Juni 1919 walishambuliwa na magenge ya wazungu katika ghasia zilizoua watu. Miaka ya 1960 vichochoro vya Butetown vilibomolewa, na pale Loudoun Square halmashauri ikasimamisha maghorofa mawili marefu. Ely kwa muda mrefu ilibaki mtaa wa wazungu kwa sehemu kubwa, na bado iko hivyo kuliko mitaa ya katikati ya jiji. Lakini kijana maarufu kuliko wote aliyetokea Ely kwenye ndondi ni mweusi: Steve Robinson. Alikuwa mtunza stoo. Aprili 1993 alipigiwa simu siku mbili tu kabla ya pambano, bingwa wa wakati huo akiwa ameshindwa kupanda ulingoni, akaenda na kutwaa mkanda wa dunia wa WBO uzito wa unyoya. Aliutetea mara saba, hadi Naseem Hamed, mtoto wa Wayemeni, alipomnyang'anya mwaka 1995 pale Cardiff Arms Park. Wakubwa wa mtaa wakijua mwanao anapenda ndondi watakusimulia habari hii usiku mzima. Kama hapendi ndondi, watakutajia Shakin' Stevens, mwimbaji aliyezaliwa Ely mwaka 1948.

Nikuelekeze sasa mahali pawili, maana kujua historia bila kujua mlango wa kubisha haitakusaidia.

Kwenye Cowbridge Road West kuna jengo linaitwa Dusty Forge, lililowahi kuwa baa. Linaendeshwa na ACE, shirika la wakazi wa Caerau na Ely lililoundwa 2011, wakati watu walipoanza kuona kwamba mpango wa serikali ya Wales wa kusaidia maeneo maskini hautadumu. Hawakukosea, mpango ulifungwa 2018 na ACE ipo. Humo kuna duka la chakula la wanachama kwa bei ya chini, bustani, karakana ambamo wanaume wastaafu wanaranda mbao na kupiga soga, na watu wa kukusaidia kusoma barua za bili. Nenda hata kama huna shida. Wanaokwenda pale si ombaomba, ni mtaa.

Mahali pa pili ni kilima. Juu ya nyumba za Caerau, pembeni mwa barabara kuu ya A4232, kuna ngome ya udongo ya Zama za Chuma, miongoni mwa kubwa kabisa kusini mwa Wales, na ndani yake magofu ya kanisa la Mtakatifu Maria. Kwa miaka mingi kilima kile kilikuwa cha mbwa na vijana wa pikipiki. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Cardiff, ACE, shule na wakazi walianzisha mradi wa urithi uitwao CAER, na badala ya wataalamu kuchimba na wenyeji kuchungulia uzioni, wenyeji ndio walioshika mwiko. Mama wa nyumbani, mwanafunzi aliyetishiwa kufukuzwa shule, mzee aliyepunguzwa kazini, wote magotini kwenye tope. Walichopata kilirudisha historia ya kilima hadi zama za mawe, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita.

Halafu 2022 wakachimba Trelai Park. Palikuwa pameshajulikana kwa jumba la Kirumi alilolichimba Mortimer Wheeler mwaka 1922, mwaka ule ule Ely ilipoingizwa jijini. Walitarajia kupata kiungo kati ya ngome na Warumi. Wakakuta nyumba ya msonge ya Zama za Shaba, ya takriban mwaka 1500 kabla ya Kristo, miongoni mwa nyumba kongwe kabisa zilizowahi kupatikana Cardiff, na chungu cha udongo kwenye mlango wake, hatua chache kutoka magoli ya mpira. Huwa najiuliza yule karani wa nyumba wa miaka ya 1920 angeandika nini daftarini kuhusu mpangaji huyo. Kuna kituo kidogo cha mradi Caerau, chini ya kilima, na uchimbaji unapofanyika watoto wanapokelewa. Wapeleke wanao.

Mwisho, hilo la kumlipa mtu binafsi. Wales ina sheria zake za upangaji, tofauti na za England, kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko London usiufuate kichwakichwa. Mwenye nyumba yako lazima awe amesajiliwa Rent Smart Wales, daftari la wenye nyumba wanaopangisha, na unaweza kulitafuta mwenyewe mtandaoni kwa anwani ya nyumba. Tangu Desemba 1, 2022 anatakiwa akupe mkataba wa maandishi ndani ya siku 14 tangu ulipoingia, na akitaka utoke bila wewe kuwa na kosa lolote, notisi yake haiwezi kupungua miezi sita. Ving'ora vya moshi vilivyounganishwa na umeme wa nyumba ni wajibu wake, si hisani. Akikuambia "hizi ni nyumba za kaunsili, ukiharibikiwa waone kaunsili", mwambie kwa heshima kwamba kaunsili iliuza zamani, na anayepokea kodi ndiye anayerekebisha bomba.